Kwa Asya, Anayelea Nyoyo za Watoto wa Watu

Asya mdogo wangu,

Kambini nimefukuzwa, na nimefukuzwa kwa haluwa. Sinia nzima, ya zafarani, lozi juu, imefungwa karatasi ya kung'ara, na mudira mwenyewe, mkuu wetu wa kambi, kaileta mpaka garini. Akaniambia, "Mwenyezi Mungu akulipe kheri, Bi Zuwena. Umechoka. Mwakani pumzika." Ndivyo watu wetu wa Omani wanavyofukuza. Mtu asiye makini hushukuru, akafika nyumbani, akaila haluwa yote na vidole akalamba, na habari akaipata mwakani, kiangazi kimeingia na simu hailii.

Mimi nilijua palepale. Haluwa ya zafarani hapewi mtu anayetarajiwa kurudi. Anayerudi hupewa tende.

Watu wakisikia watadhani nalilia kazi. Wewe unajua zile wiki tatu zilikuwa nini kwangu. Mwaka mzima mimi ni wa chumba cha Mama: dawa, uji, pazia, kiyoyozi kikiwashwa anaona baridi, kikizimwa anauliza nani kawasha moto. Wiki tatu tu za kiangazi kaka yetu Salim alikubali mkewe ashike zamu, kwa sababu nilikuwa nakwenda kwenye kambi ya dini, na kwenye dini Salim hawezi kusema la. Ningemwambia nakwenda kupumzika, angeniuliza nimechoka na nini. Huo ndio ulikuwa mlango wangu, sina mwingine, na sasa umefungwa. Nataka nikusimulie umefungwaje, maana na wewe una mkono wako humo.

Kambi yenyewe unaijua kwa kuisikia. Nyumba kubwa ya shamba huko Wadi Bani Khalid, mitende mbele, jabali nyuma, na wasichana wa miaka kumi hadi kumi na nne wanaoletwa na wazazi wao kuhifadhi Kurani wakati skuli zimefungwa. Asubuhi wanasoma, mchana wanalala au wanajifanya wamelala, alasiri wanashona na kucheza. Simu zao hufungiwa kabatini siku ya kwanza. Mzazi haji mpaka siku ya kufunga, na mtoto hatoki mpaka siku ya kufunga. Juu kidogo, kwenye madimbwi, watalii wanajirusha majini na kupiga kelele za furaha, na sauti zao zinateremka na bonde mpaka darasani. Wasichana wanazisikiliza huku macho yako kwenye msahafu. Walimu wanawakemea. Mimi sikuwakemea, kwa sababu nilikuwa nazisikiliza pia.

Mwaka huu kamati ilisema lazima pawe na mtu wa raha ya nafsi, kwa kuwa kiangazi kilichopita palilika kilio kuliko wali. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na somo lake la kufundisha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikasema nina mdogo wangu Amerika, hiyo ndiyo kazi yake kila kiangazi, kambini vilevile, atanielekeza. Wakafurahi wakaniandika. Hivyo ndivyo nilivyopata taaluma yangu.

Sikuwaambia kwamba kambi yako ni ya watoto wa Kiyahudi. Hawakuuliza, nami sina tabia ya kujibu nisichoulizwa. Mama nilimwambia zamani, mara ile ya kwanza ulipokwenda, wakati akili yake ingali imekaa sawa. Alizungusha tasbihi, kisha akauliza, "Wanakula nini huko?" Nikamwambia nguruwe hawamgusi, na nyama yao ina mchinjaji wake maalumu. "Na kusali?" Wanasali, Mama, na wana siku yao, inaingia Ijumaa magharibi. "Na bibi zao?" Nikamwambia Asya anasema bibi zao wanapiga simu kila siku kuuliza kama mtoto kala. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi kenda kwa watu," alisema. Alifurahi kuliko ulipopata ile shahada, maana shahada hakujua inaliwa na nini.

Ulinifundisha kwa sauti za simu. Nikae jikoni nakata vitunguu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la samli, na wewe unazungumza kutoka huko msituni kwenu, nyuma yako watoto wanaimba na mlango wa wavu unabamizwa. Ulinieleza kile kibanda chenu chenye bembea la kamba, ambamo mtoto akiingia haulizwi kafuata nini. Ulinieleza Ijumaa yenu, jua likikaribia kuchwa, wote wamevaa nyeupe, wamekaa duara, na kila mmoja anasema kilichokuwa kitamu wiki ile na kilichokuwa kichungu. "Da Zu," ulisema, "usimuulize mtoto una nini. Atakwambia sina kitu. Muulize nini kizito leo." Ukaniambia hata nyinyi walezi mnaye mtu wenu wa kuwasikiliza. Nikakuuliza, na wewe unamwambia nini huyo mtu? Mtandao ukakatika. Huo mtandao wa Amerika nimeuchunguza, Asya. Hukatika penye swali tu.

Basi nikafanya kama ulivyosema, nikakosea kama tunavyokosea sisi.

Nilitandika mkeka ukumbini nikawakalisha duara. Lakini utawakalishaje watu kavukavu? Nikaleta tende na birika la kahawa. Nikammiminia wa kwanza, nikamuuliza, nini kizito leo, mwanangu? Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akanyoosha mgongo kama bibi harusi, akasema, "Kheri, alhamdulillahi, hakuna neno." Wa pili, "Kheri." Wa tatu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia tangu asubuhi, "Kheri, salama, hakuna ila kheri." Nikalizunguka duara lote. Nadhani haijapata kutokea kambi yenye afya kama ile.

Hapo nikamkumbuka Ami Khalfan. Nawe unamkumbuka. Tulikuwa tumejibanza nyuma ya mlango wa sebule kule Ibra, wewe umeishika kanzu yangu kwa nyuma. Ami Khalfan katoka Nizwa, kavua viatu, kakaa. Baba akammiminia kahawa, akamuuliza habari kama inavyopasa kumuuliza mgeni. "Kheri, hakuna neno." Na huko kwenu? "Huko kheri." Na njia? "Kheri." Akanywa kikombe cha pili, akanywa cha tatu, akakitikisa kwamba basi, akafuta mdomo. Kisha akasema, "Mzee katutoka leo alfajiri." Baba yake Baba, Asya! Na wewe ukaninong'oneza, "Da Zu, mbona kasema hakuna neno?" Nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa mkubwa, nilikwishajua kwamba kikombe kikiwa mkononi mtu husema kheri, hata kama nyumba inamuungulia mgongoni. Neno lenyewe hungoja kikombe kirudi.

Kesho yake nikaacha birika jikoni. Nikawachukua wasichana mpaka kwenye falaji, ule mfereji wa maji unaopita chini ya mitende, tukakaa ukingoni kwa mstari, miguu majini, sote tunatazama upande mmoja kama tumepanda basi. Hapana sinia, hapana wa kutazamana naye usoni. Nilianza mimi. Nikasema kizito changu ni kwamba vidole vyangu vya miguu vimeanza kufanana na vya bibi yangu. Wakacheka, wakainama kuvitazama. Kisha mmoja, huku akiyapiga maji kwa kisigino, akasema anamuogopa mwalimu wa tajwidi mpaka aya inamtoka kichwani. Mwingine akasema dada yake anaolewa na sasa atalala chumbani peke yake. Mwingine akasema hapendi kuwa hapa, basi, hana sababu, hapendi tu. Nikamwambia hiyo nayo ni sababu. Tulikaa mpaka miguu ikakunjamana. Tangu siku ile, kila baada ya Alasiri, wananitangulia wenyewe kwenye falaji.

Isipokuwa Shamsa. Yeye alikuwa akija, anatia miguu majini, hasemi.

Shamsa ana miaka kumi na miwili, wa Sur. Tangu wiki ya kwanza alikuwa hali chochote ila maji na kipande cha mkate. Mpishi wetu Bi Muza akasema ni jicho, mtoto ana nywele mpaka kiunoni na wenziwe wanazitazama. Tukamzingua kwa aya, tukamwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani, tukaliosha kwa maji ya mawaridi, akanywa. Bi Muza akamuuliza, "Unajionaje?" Shamsa akasema, "Tamu." Akarudisha sahani kwa adabu, chakula cha mchana asile.

Nikakuletea habari zake. Ukanijibu, na nyuma yako safari hii palikuwa kimya: "Mpe kazi ya mikono. Kaa ubavuni pake, usikae mbele yake. Na unyamaze, Da Zu, ingawa najua kwako ni mtihani."

Nikamwita anisaidie kuosha vikombe kwenye falaji. Nilinyamaza. Wewe hukuwapo, lakini Mungu ni shahidi. Nimeosha vikombe vya kambi nzima sikufungua mdomo. Wenziwe wanazungumza Kiarabu; yeye bibi yake kakulia Unguja kama Mama, kwa hiyo na mimi alikuwa akisema Kiswahili, kile cha vijana wa huku, kila kitu kwao "iko". Mwishowe ni yeye aliyeanza, akiniita khalati, kama wanavyowaita mama wadogo.

"Khalati, simu yako iko na chaji?"

"Inayo. Unataka kumpigia nani?"

"Sitaki piga. Nataka jua tu kama iko na chaji."

Akaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Akasema, "Sasa hivi hakuna mtu anamwamsha mama yangu."

"Nani alikuwa akimwamsha?"

"Mimi. Nafungua pazia, namwambia, mama, iko asubuhi. Akisema, asubuhi kweli? basi siku nzuri. Akinyamaza, siku mbaya."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Saidi azaliwe." Huyo ni mdogo wake wa kiume, alikuwa hajaanza kukaa. "Saidi yuko kwa bibi. Mama hataki mshika. Mama analala tu, anatazama ukuta. Bibi anasema watu wasijue. Ndiyo wakanileta huku."

"Na baba?"

"Baba kazi yake Duqm. Yeye akipiga simu, mama anasema kheri."

Nilitazama maji. Kambi nzima tulidhani mtoto analilia kwao. Kumbe alikuwa zamu, na zamu yake tumeikata, tumemfungia simu na lango, tumemnywesha zafarani.

Nikaenda kwa mudira. Nataka umfanyie insafu, Asya, si mtu mbaya. Ni mtu mwenye funguo nyingi na usingizi mchache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nikimtoa mmoja, kesho nitakuwa na wasichana kumi wenye mama mgonjwa. Kiangazi kilichopita ilikuwa hivyohivyo." Lakini hakulipuuza, akampigia baba yake Shamsa kule Duqm, mbele yangu, sauti akaifungulia. Wakaulizana hali. Wakaulizana hali za watoto, hali ya joto, hali ya kazi. Mudira akauliza, "Na nyumbani, mama yake Shamsa?" Yule bwana akajibu, "Kheri, alhamdulillahi, hakuna neno, mzima." Mudira akakata simu, akanitazama kwa upole wote. "Umesikia mwenyewe, Bi Zuwena."

Nilisikia. Nilisikia kama nilivyomsikia Ami Khalfan. Lakini utamwelezaje mtu kwamba jibu alilopewa si jibu, na yeye maisha yake yote kalitoa jibu hilohilo?

Nikajua wazi kilichoko mezani. Nikimtoa mtoto, kiangazi changu kimekwisha, kwa maisha. Nikimwacha, nabaki na mlango wangu na yeye anabaki na ukuta wa mama yake. Ningependa kukuandikia kwamba sikusita. Nilisita kutoka Adhuhuri mpaka Alasiri. Nilipanga sharia nzima kichwani: mimi si mzazi, mimi si daktari, zimebaki siku chache. Kisha nikamuona Shamsa kwenye falaji, mguu majini, anautazama mfuko wangu ilipo simu.

Nikamuomba namba, nikampigia bibi yake, Sur.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikamwambia mimi ni mlezi wa Shamsa, na Shamsa mzima, ila hali, na mimi najua kwa nini hali. Nikanyamaza tena, mara ya pili siku ile, utasema nimegeuka. Upande wa pili nikasikia kitoto kinalia na kijiko kinagonga kikombe. Kisha yule mzee akasema, "Mimi sina tena nguvu za kuficha, mwanangu. Mlete."

Bawabu nilimwambia tunakwenda kununua barafu. Barafu kweli nilinunua, ila nilinunua Sur. Mudira nilimpelekea ujumbe wa sauti nikiwa nimekwishapita Al Kamil, mahali ambapo mtu haoni tena maana ya kurudi.

Tulifika jua linataka kuchwa. Bibi kasimama mlangoni mwa binti yake na Saidi begani, mwanamke mdogo wa mwili, leso ya Unguja kichwani, kama Mama alivyokuwa. Shamsa hakuamkia mtu. Alipita moja kwa moja, akafungua mlango wa chumba, nami nikabaki kizingitini. Chumba giza, harufu ya udi wa zamani na nguo zisizokunjwa. Mama yake kalala kuelekea ukutani. Shamsa akavuta pazia, jua lile la jioni likaingia jekundu lote.

"Mama, iko asubuhi."

Kimya. Nilimhesabia siku mbaya. Kisha yule mama akageuza shingo pole pole, akatazama dirisha, akamtazama mtoto.

"Asubuhi gani hii, Shamsa? Jua linakuchwa."

Na Shamsa akaanza kucheka, na ndani ya kicheko akalia, akaanguka kitandani na viatu vyake, na yule mama akanyanyua mkono, mkono mzito kama uliotiwa maji, akauweka juu ya zile nywele. Alibaki nao hapo.

Uani nikazungumza na bibi. Nilimwambia maneno yako, si yangu: kwamba haya ni maradhi yanayowapata waliojifungua, yana jina, yana dawa, na si aibu wala si wazimu. Akasema, "Watasema binti yangu kapandwa na pepo." Nikamwambia, "Watasema. Na usipompeleka vilevile watasema." Akatafakari. "Kweli," akasema, "hawa hawashindwi." Asubuhi tukampeleka hospitali, Shamsa kambebea mama yake viatu mkononi, kwani aliondoka bila ya kuvivaa. Daktari alikuwa msichana mdogo, akavuta kiti akakaa ubavuni pake. Ubavuni, Asya. Nikasema moyoni, huyu kasoma alikosoma mdogo wangu.

Sitakudanganya kwamba kapona. Anakunywa dawa, anakwenda kuzungumza na yule daktari, na bibi ananiambia juzi alimshika Saidi muda wa kunywa maziwa. Baba karudi kutoka Duqm na anafungua pazia yeye.

Mchana ule wa hospitali, Shamsa mwenyewe ndiye aliyesema, "Khalati, nirudishe." Nikamuuliza, kambini? Akasema ndiyo, kuna hizbu ya Kurani hajaimaliza. Njiani alikula sambusa tatu, akanipakia mafuta kwenye gia. Tukiwa tunapanda bonde akageuka, akanitazama vizuri.

"Na wewe, khalati? Nini iko nzito leo?"

Nikasema, "Kheri, mwanangu. Hakuna neno."

Nimeshika usukani, si kikombe. Na nimesema kheri.

Yeye akaingia kambini, wenziwe wakampokea kwa vigelegele. Mimi nikaletewa sinia.

Basi nikwambie wewe nilichoshindwa kumwambia mtoto. Sipumui ndani ya nyumba hii, Asya. Nampenda Mama, usianze kunifikiria vibaya, nampenda, na kuna wakati nakaa chooni kuliko haja, bomba nimelifungua, ili pawe na mlango kati yangu na yeye. Kila saa ananiuliza, "Asya kala?" Nasema kala. "Asya kalala?" Kalala, Mama. Nakulaza na kukulisha mtu uliye upande wa pili wa dunia, na mimi mwenyewe sijui nimekula nini jana. Zamani kila Jumatano nilikuwa nikimpeleka soko la wanawake akanunua ubani asiouhitaji. Sasa anaogopa gari, kwa hiyo na mimi naogopa gari. Wachumba waliokuja walimkuta Mama anaumwa. Wakasema kheri, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Salim kila akipita hunishika bega na kusema, "Zuwena, wewe ndiye unayemjua Mama." Anasema kwa mapenzi ya kweli, na kila akisema nasikia komeo linasukumwa.

Uliondoka ukiahidi kila kiangazi utakuja. Kiangazi chako wamekichukua wale watoto wa kambini kwako, na sina kinyongo na wao. Nikiwasikia wanaimba nyuma yako naona wamepata mtu. Kinyongo ninacho na wewe. Nimekitafutia jina jingine, upweke, shauku, hamu. Ni kinyongo. Unajua kukaa ubavuni pa mtoto yeyote duniani mpaka aseme, na mimi unaniuliza "U mzima, Da Zu?" na huku unafunga begi. Na nadhani hata wewe huko si mzima. Mtu ambaye mtandao wake unakatika vile si mzima.

Utauliza kwa nini haya nimeyapeleka kwenye jarida la jamaa zetu, wayasome akina mama kuanzia Sur mpaka Nizwa, na binamu zetu Unguja juu yake. Bibi yake Shamsa kaniruhusu; kasema, hawa hawashindwi, wacha wasome. Nimekupelekea barua za peke yako, ukanijibu kwa kile kidole gumba cha simu. Hii kila mtu atakuuliza, Asya umejibu nini? Watakuuliza mpaka huko msituni. Mimi nimezungukwa na kuta tangu nimezaliwa, nimejifunza zinavyojengwa, na hii nimekujengea wewe.

Salim nimeshamwambia kwamba baridi ikiingia mimi simo. Hakuuliza nakwenda wapi. Aliuliza, "Dawa za Mama atampa nani?" Nikasema, "Asya." Akacheka. Akaona sicheki, akaacha. Mama naye nimemwambia. Kasahau, nikamwambia tena, na safari hii akaagiza chumba chako kifukizwe.

Nakwenda Misfah, juu jabalini. Mwenye nyumba ya wageni nimekwishazungumza naye. Chumba kidogo, dirisha linatazama mashamba ya ngazi na migomba. Kaniambia asubuhi mgeni huletewa chai na mkate mlangoni na hakuna anayemuuliza kitu. Nikamwambia arudie hiyo sentensi. Nitakaa huko mpaka nichoke kukaa, na kama sichoki tutazungumza.

Dawa nyeupe ni ya asubuhi, ya manjano baada ya kula. Uji akiukataa usimlazimishe. Utoe nje, ngoja kidogo, uurudishe, atadhani ni mwingine. Usizime taa ya ukumbini. Akikuita Zuwena, itika.

Uje salama.

Dada yako wa tumbo moja,
Zuwena